Vespa imekamata pistoni mara mbili: niongeze oili?

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Vespa PX 150 E ya 1983 iliyokaa stoo miaka kumi na minne. Nimeifufua mwenyewe uani, Tabata. Juu nimefunga seti ya silinda na pistoni ya Polini 177 aliyoniletea shemeji kutoka Italia, eksozi mpya ya mbio, na kabureta ya bodaboda kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inavuja. Chini sikugusa, krenki ilikuwa inazunguka vizuri. Kofia ya bati inayofunika silinda nimeiacha wazi ili ipate upepo. Mara ya kwanza pistoni ilikamata Barabara ya Mandela. Fundi wa mtaani akasema oili haitoshi, nikapandisha hadi lita moja kwa lita kumi na tano za petroli. Ikawa inatoa moshi kama tanuri la matofali, na nikirudi kutoka Kibaha ikakamata tena. Sasa anasema ni ringi, nikachonge silinda niweke ovasaizi, yaani pistoni kubwa zaidi. Nimfuate?
*Msomaji, Tabata*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usimfuate.

Nimetanguliza jibu kwa sababu najua ukimaliza kusoma aya ya pili utakuwa umeshavaa viatu kwenda mtaa wa Gerezani kwa mchongaji. Vua viatu. Silinda yako haina kosa, na huyo fundi anakupeleka kwenye pistoni ya tatu.

Katika maelezo yako yote, sentensi iliyonifanya niweke kikombe chini ni hii: "chini sikugusa, krenki ilikuwa inazunguka vizuri." Hata feni mbovu inazunguka vizuri. Kwenye injini ya mipigo miwili kama yako, swali la kuuliza kuhusu chini si kama panazunguka, ni kama panabana hewa. Pikipiki ya bodaboda, ya mipigo minne, sehemu ya chini ni bwawa la oili tu. Ya kwako ni pampu. Hewa, petroli na oili vyote hupitia kwanza chini, kwenye chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndipo vinasukumwa juu kwenda kuungua. Tena Piaggio, watengenezaji wa Vespa, kwenye hizi PX waliifanya krenki yenyewe kuwa mlango: shavu lake hupita karibu kabisa na uso uliochongwa ndani ya ganda la injini, nafasi ya mia chache za milimita, likifunga na kufungua njia ya kabureta. Ukilikwaruza hilo shavu au huo uso kwa bisbisi wakati wa kupasua injini, umetoboa mlango.

Sasa chumba hicho kina sili mbili za mpira, moja upande wa magneti (gurudumu linalozalisha umeme wa cheche) na moja upande wa klachi. Sili zako zimekaa stoo miaka kumi na minne, kwenye joto la Dar na chumvi ya hewa yetu. Mdomo wa mpira umeshakauka kama ganda la chungwa. Injini ya 150 iliyochoka ingejikokota nazo hivyo hivyo. Wewe umeiwekea juu silinda ya 177, kipenyo milimita 63 badala ya 57.8, inayovuta kwa nguvu zaidi. Umepaka rangi nyumba yenye mchwa.

Ile hewa inayoingia kwa kupita kwenye sili mimi huiita hewa ya magendo. Haikupita kabureta, kwa hiyo haikulipia petroli. Ikichanganyika na ile halali, mchanganyiko wote unakuwa mwembamba, moto unakuwa mkali, pistoni ya aluminiamu inatanuka kuliko silinda ya chuma inayoizunguka, inakamata. Haijalishi umeweka oili kiasi gani. Hapa ndipo damu yangu inapochemka, kwa hiyo nivumilie.

Sijui nani alianza kuwafundisha watu kwamba tustroki, yaani injini ya mipigo miwili, ikikamata dawa yake ni oili. Nimeisikia tangu nikiwa msaidizi wa kuosha spea kwa petroli, na leo nawasikia vijana waliozaliwa baada ya Vespa kupotea barabarani wakiirudia kwa uhakika kama tangazo la msikitini. Chukua kalamu. Kwa asilimia mbili, yaani lita moja kwa hamsini, katika kila lita inayopita kwenye jeti (kipande cha kabureta chenye tundu dogo linalopima petroli) kuna petroli mililita 980. Kwa lita moja kwa kumi na tano, petroli imeshuka hadi kama 937. Tundu la jeti ni lile lile. Umejipunguzia petroli zaidi ya asilimia nne, ni kama umetoa jeti ya 100 ukafunga ya 98, na bado sijahesabu kwamba majimaji mazito hupita polepole kwenye tundu dogo. Kwenye injini nzima usingeona tofauti kubwa. Kwenye injini ambayo tayari inavuta hewa ya magendo, wewe na fundi wako mmeisukuma ukingoni, mkadhani mnaiokoa. Juu ya hapo oili ya ziada inaacha masizi kwenye tundu la eksozi na juu ya pistoni, na masizi yakishika moto yanawasha petroli kabla ya plagi. Asilimia mbili, oili nzuri ya mipigo miwili, mililita 100 kwa lita tano. Silinda mpya ya chuma ikiwa bado inajizoesha, nenda hadi asilimia tatu kwa matangi machache ya kwanza, kisha rudi. Zaidi ya hapo unalisha mbu wa Tabata moshi.

Na tukifika kwenye moshi: "ni ringi." Huyo ni fundi wa bodaboda anayesoma injini yako kwa kitabu cha injini nyingine. Kwenye mipigo minne, moshi wa bluu unaweza kuwa ringi, kwa sababu chini ya pistoni kuna oili na ringi zikichoka inapanda. Chini ya pistoni yako hakuna bwawa la oili. Ringi zikichoka utapoteza nguvu na itakuwa ngumu kuwaka, lakini wingu jeupe linalokufuata mpaka Ubungo halitoki huko. Kwanza, kwa lita moja kwa kumi na tano, moshi umeutia mwenyewe kwenye tangi. Pili, sili ya upande wa klachi ikifa, injini inafyonza oili ya giaboksi na kuichoma. Kipimo chake hakihitaji hata spana kubwa. Giaboksi ya PX huingia mililita 250 za oili ya SAE 30. Mwaga yote kwenye chupa ya dawa ya kikohozi yenye alama za vipimo, uone zimetoka ngapi. Zikitoka 150 na chini ya injini ni pakavu, zilizobaki umezivuta kama sigara.

Sili ya upande wa magneti ni mbaya zaidi kwa sababu haitoi moshi. Huko nje hakuna oili, ni hewa kavu tu. Dalili zake: ukifunga mkono wa mafuta mlio unachelewa kushuka, au pikipiki imesimama taa nyekundu na mlio unapanda wenyewe kama imepandwa na jini. Watu wanapunguza skrubu ya slojeti, ile ya mlio wa kusimama, wakidhani wametibu.

Kabla hujanunua chochote, zitoe zile pistoni mbili, zifute kwa kitambaa, uzisome. Mikwaruzo ikiwa sehemu nne zinazolingana kuzunguka pistoni, hiyo ni pistoni iliyobanwa, nafasi ndogo au umeipa moto mkali kabla injini haijapata joto. Ikiwa upande wa eksozi peke yake, ni joto na mchanganyiko mwembamba. Ikiwa katikati ya kichwa pameyeyuka au pametoboka, fikiria taimingi (wakati cheche inapopigwa) na plagi kabla ya kitu kingine. Naweka dau la kikombe cha kahawa na kashata kwamba zako zote mbili zina alama upande wa eksozi.

Kisha ipime presha. Hiki ndicho kipimo ambacho ukimwuliza fundi wako kama amekifanya na akacheka, umeshapata jibu unastahili fundi gani. Ziba mdomo wa eksozi kwa kipande cha mpira wa tairi na bamba. Ziba kitako cha kabureta kwa bamba jingine, mpira chini yake, na kwenye bamba hilo ufunge valvu ya tyubu ya baiskeli. Plagi ibaki imefungwa. Usitumie kompresa ya kujazia upepo pale kituo cha mafuta, utazirusha sili nje. Nenda duka la dawa ukanunue mashine ya kupima presha ya mkono, ile yenye mpira wa kubinya. Unganisha mrija wake, pampu hadi mshale usome 250, ambayo ni kama theluthi moja ya bar, na uache. Mshale ukae hapo dakika kadhaa. Ukishuka, paka povu la sabuni ya unga kwenye maungio: chini ya silinda, kwenye plagi, kwenye mshono wa maganda mawili ya injini, nyuma ya sahani ya magneti. Fungua kizibo cha giaboksi ukipake pia, kikitoa mapovu ni sili ya klachi. Mke wangu alikuwa akiuliza kwa nini karakana ina mashine ya presha na mgonjwa hayupo. Mgonjwa yupo, ana magurudumu.

Nina hakika haitashika. Kwa hiyo utapasua maganda, huna njia ya mkato. Weka sili mpya, na ukipata za Viton, ambazo mara nyingi ni za rangi ya kahawia, chukua hizo, zinavumilia joto na petroli ya siku hizi kuliko mpira mweusi. Pakaa mdomo wa sili oili kabla ya kupitisha krenki. Beringi za krenki badilisha zote, hata kama zinazunguka vizuri (samahani, nimerudia maneno yako kwa makusudi), maana beringi iliyokaa bila kazi miaka kumi na minne karibu na bahari ina vidonda vya kutu usivyoviona, na vidonda hivyo vitakula sili mpya baada ya miezi. Gasketi ya karatasi, siyo silikoni. Ile silikoni ya bomba inayobanwa kama dawa ya meno, ikizidi upande wa nje inazidi na ndani, inakatika nyuzi, nyuzi zinaenda kwenye shavu la krenki. Nilishafungua injini ya mtu wa Magomeni iliyokuwa na silikoni nyingi ndani kuliko nje. Alikuja na pistoni tatu zilizoliwa, amezipanga kwenye kopo la maziwa kama ushahidi wa mahakamani. Sili zote mbili na gasketi zisingefika hata theluthi ya bei alizolipa.

Kofia ya bati irudishe. Wengi Dar wanaivua kwa nia njema, "ipate upepo." Injini ya Vespa imejificha nyuma ya ubavu, upepo wa barabarani haufiki. Upepo wake unatengenezwa na mapanga ya magneti, na ile kofia ndiyo bomba linaloupeleka kwenye mapezi ya silinda. Umeivua, feni inapuliza uani kwa jirani huku silinda inaiva. Vespa ilichorwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, Piaggio wakaisajili 1946. Mtu wa ndege hakuweka bati pale kwa urembo.

Plagi: PX 150 hutumia shina fupi, hesi ya milimita 12.7. Ile ya shina refu ni ya PX 200. Ukikosea utagonga pistoni. Kwa 177 ningeanza na NGK B8HS, na kumbuka kwa NGK namba kubwa ndiyo plagi baridi.

Taimingi ya elektroniki ya kiwandani kwa PX 150 ni digrii 18 kabla ya pistoni kufika juu. Kwa 177 usiisogeze mbele hata kidogo kwa tamaa ya nguvu. Ipime kwa taa ya kumulika magneti, wala usitege kwa sikio. Ukiwa hapo nyuma ya magneti, angalia waya za sahani ya koili, hasa ule wa kijani. Ngozi ya waya hizi kwenye PX za umri huu huwa inavunjika kama mkate mkavu, inagusa bodi, pikipiki inakatakata, na mtu anaenda kuilaumu kabureta. Zibadilishe kwa waya wa kuvumilia joto mara moja, usahau.

Silinda ikikubidi kuchongwa kweli baada ya ajali hizi mbili (mikwaruzo ambayo kucha inakwama), mpelekee mchongaji pistoni yenyewe mkononi. Asichonge kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Nafasi kati ya pistoni na silinda chukua kwenye karatasi iliyokuja na seti. Na umkumbushe kuondoa makali ya matundu baada ya kuchonga. Wachongaji wetu ni hodari, lakini kutwa wanachonga silinda za mipigo minne ambazo hazina matundu ukutani. Yako inayo, na ringi hupita juu yake kila mzunguko. Likibaki kali, litanasa ringi na kuivunja.

Nimeacha mambo ya breki na matairi kwa kuwa hukuuliza, ila moja siwezi kuliacha. Rimu za Vespa ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Toa upepo wote kwanza, ndipo ufungue nati. Mtu akifungua tairi ikiwa imejaa, kile kipande kinaruka usoni.

Sasa niseme na wengine wanaosoma, maana barua hii nimeipata kwa sura nyingi. Vespa zimerudi kuwa fasheni hapa mjini na kila mwenye ya baba yake anataka iende kama bodaboda mpya. Hakuna ubaya. Ubaya ni mpangilio: watu wanaanza na seti kubwa na eksozi yenye kelele, halafu injini ikifa ndiyo wanakumbuka sili. Na katikati wanakutana na waganga wa injini. Kuna anayetoboa jeti kwa waya wa spoki. Namba za jeti za Dell'Orto ni mia za milimita, 100 ni milimita moja kamili. Ukiipanua hadi 1.10 umeongeza eneo la tundu kwa asilimia 21, na tundu lenyewe halijawa la duara tena, kwa hiyo hata hiyo 1.10 ni ya kubahatisha. Kuna anayekuuzia kichupa cha "dawa ya kulainisha injini" bila jina la kiwanda. Kuna anayekuambia petroli ya kwenye dumu kwa bei nafuu ni ile ile, wakati inaweza kuwa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa ndani ya silinda yenye mgandamizo mkubwa hulipuka kabla ya wakati wake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hawakuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta kwa kupenda kemia. Na kuna wa makundi ya simu, anayekutumia sauti ya dakika sita akitambua ugonjwa kwa kusikiliza video. Mimi nina masikio ya miaka mingi kwenye kazi hii na sijawahi kusikia sili ya klachi ikivuja kwenye video.

Halafu kuna suala la utambulisho. Si kila Vespa ya Dar ni Vespa. Bajaj wa India waliunda Vespa kwa leseni miaka ya 1960 kabla ya kuendelea na Chetak yao, na LML nao waliunda za sura ya PX. (Hata bajaji yetu ya magurudumu matatu ukiifuatilia ukoo utafika kwenye Ape ya Piaggio ya 1948.) Ni pikipiki nzuri, lakini spea zinafanana bila kulingana zote. Soma fremu: PX 150 ya Italia huanza na VLX1T. Ukishajua ni ipi, ndipo ununue sili, siyo kwa kulinganisha kwa macho kaunta ya Kariakoo huku muuzaji anakuhakikishia "hii inaingia." Inaingia, sawa. Je, inabana?

Basi, wewe wa Tabata: mwaga hayo mafuta yaliyomo tangini, usiyachanganye na mengine. Pima presha, pasua, funga sili, pima tena kabla ya kuifunga kwenye fremu, maana kuirudisha chini ni mgongo wako. Ukianza kuitega, anza na jeti kubwa kuliko unavyodhani inahitaji, hadi injini ingurume kama imekabwa ukifungua mkono wote, kisha shuka namba moja moja. Kila ukishusha, tafuta barabara tulivu asubuhi ya Jumapili, nenda gia ya tatu mkono wote wazi, kisha kwa pamoja shika klachi na uzime swichi. Simama, toa plagi. Ikiwa nyeupe, rudi jeti moja juu.

Ile kabureta ya bodaboda imepimwa kwa injini inayovuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Yako inavuta kila mzunguko, na hozi ambayo bila shaka umeiungia kabureta hiyo ni tundu jingine la magendo. Ya zamani ilikuwa inavuja kwa sababu uso wake wa chini umepinda, watu huzibana mno zile boliti zake mbili. Weka msasa laini juu ya kioo, sugua kwa mwendo wa namba nane hadi uso ung'ae wote, gasketi mpya, sindano ya floti mpya, itakaa. Ya bodaboda mrudishie mwenyewe, labda pikipiki yake bado inaidai.